Msimbo ni wa wote, jina ni la mwenyewe: programu huria hupataje majina?

Miezi michache iliyopita, mama mmoja mwenye kibanda cha mitumba alitupigia simu akiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Alikuwa ametumiwa kiungo kwenye kikundi cha chama chao. Akakibonyeza, akapakua programu yenye jina letu na nembo yetu, akaingiza nambari yake ya simu na PIN. Kufikia wakati tulipoifunga akaunti yake, shilingi 8,400 zilikuwa zimeshaenda.

"Jina ni lenu, rangi ni zenu," alituambia. "Mlitaka nijue vipi?"

Tulipoitazama programu ile vizuri, jina halikuwa letu. Lilikuwa na herufi moja zaidi, katikati, mahali ambapo jicho hupita haraka. Herufi moja tu, na kazi ya wiki nzima ikapotea.

Swali lake lilitukaa moyoni. Katika makala haya tunajaribu kulijibu, ila tutazunguka kidogo. Tutapitia kwa watu ambao kwao kunakili programu ya mwenzako si wizi, ni ruhusa. Hao ni waundaji wa programu huria. Wao hugawa karibu kila kitu bure, lakini jina hawaligawi. Ukielewa ni kwa nini, utaelewa pia kwa nini tunakusihi kila siku usome jina kabla ya kubonyeza.

Programu huria ni nini?

Kila programu imeandikwa kwa maagizo ambayo kompyuta au simu inayafuata. Maagizo hayo tunayaita msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao. Mradi wa programu huria huuweka wazi: mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza, mradi afuate leseni yake.

Chukua mfano wa pilau. Mwenye hoteli fulani maarufu mjini anaamua kubandika ukutani jinsi anavyoipika, viungo na vipimo vyote. Anasema: pikeni, badilisheni, hata uzeni. Sawa. Lakini je, amekuruhusu uandike jina la hoteli yake juu ya mlango wako? La. Mteja akila pilau mbovu kwako akidhani yuko kwake, sifa inayoharibika ni ya nani?

Hivyo ndivyo ilivyo. Leseni ya Apache toleo la 2.0, ambayo ni mojawapo ya leseni zinazotumika sana, inasema waziwazi kwamba kupewa ruhusa ya kutumia msimbo si kupewa ruhusa ya kutumia jina wala alama za biashara za mwenyewe.

Na usidhani mambo haya yako mbali nawe. Kama simu yako ni ya Android, kiini chake ni Linux, na Linux ni programu huria. Hebu basi tuanzie hapo.

Majina yanayotoka kwa watu

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Finland, Linus Torvalds, alikuwa akiunda kiini cha mfumo wa kompyuta. Jina alilopendelea lilikuwa Freax. Aliliwazia pia Linux, linalofanana na jina lake mwenyewe, lakini akaona litaonekana ni la majivuno. Alipopeleka kazi yake ihifadhiwe kwenye seva ili wengine waipakue, mtu aliyeisimamia seva ile, Ari Lemmke, hakulipenda Freax. Akafungua folda na kuiandika "linux", bila kumuuliza mwenyewe. Jina likashika. Baadaye, mwaka 2005, Torvalds alipounda programu nyingine akaiita Git, neno ambalo kwa Kiingereza cha mtaani huko Uingereza ni mtu mkorofi. Akatania kwamba yeye huipa miradi yake yote jina lake.

Miaka miwili baada ya Linux, Ian Murdock alianzisha Debian. Jina hilo ni mawili yaliyounganishwa: Debra, mpenzi wake wa wakati huo, na Ian mwenyewe. Kama vile matatu au duka linavyoandikwa jina la mwenye mali na mkewe, basi.

Majina ya utani

Hawa jamaa wanapenda mzaha. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wake akauita GNU. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "GNU si Unix". Unix ulikuwa mfumo uliokuwa ukitumika wakati huo. Angalia tena: ukitaka kujua G ni nini, unarudishwa kwenye GNU yenyewe, na hapo tena kuna G. Ni duara lisilo na mwisho. Na kwa Kiingereza neno hilo ni jina la nyumbu, ndiyo maana nembo ya mradi ni kichwa cha mnyama yule yule anayevuka mto Mara kila mwaka.

Python, lugha ya kuandikia programu inayofundishwa siku hizi katika vyuo vingi, wengi hudhani imepewa jina la chatu. Sivyo. Mwundaji wake, Guido van Rossum, alikuwa mpenzi wa kipindi cha vichekesho cha Uingereza kinachoitwa Monty Python's Flying Circus. Chatu alikuja kuingizwa kwenye nembo baadaye.

Jina la mzaha lina faida moja kubwa: si rahisi mwingine awe nalo tayari.

Majina yenye ujumbe, na Kiswahili chetu kimo

Wengine hutafuta neno lenye uzito. Kubernetes, mradi uliotangazwa na Google mwaka 2014, husaidia kuendesha programu nyingi kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja. Jina hilo ni Kigiriki, maana yake mshika usukani wa chombo. Kwa kuwa ni refu, watu huandika K8s: kati ya K na s kuna herufi 8. Zihesabu.

Ubuntu, mfumo wa kompyuta uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na timu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umechukua neno la Kizulu na Kixhosa. Hilo halihitaji mkalimani kwetu. Ni ndugu wa damu wa neno "utu".

Kisha kuna letu kabisa. Januari 2008, Kenya ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, kundi la wanablogu na waundaji programu lilitengeneza tovuti ambapo mwananchi angeweza kutuma taarifa ya alichokiona, kwa mtandao au kwa ujumbe mfupi wa simu, nayo ikaonyeshwa kwenye ramani. Wakaiita Ushahidi. Hakukuwa na haja ya kueleza kazi yake. Mtu aliyeona nyumba ikichomwa alijua anaombwa nini. Msimbo wake uliwekwa wazi, na mwaka 2010 Haiti ilipokumbwa na tetemeko la ardhi, mfumo huo huo ulitumika kukusanya taarifa za walionaswa na waliohitaji msaada. Watu wengi nje ya Afrika Mashariki walijifunza neno hilo la Kiswahili kwa sababu ya programu.

Katika biashara yetu ya malipo pia limo. Mojaloop ni programu huria iliyotolewa mwaka 2017 kwa ufadhili wa Wakfu wa Gates. Kazi yake ni kuunganisha benki na huduma za pesa za simu ili mtu wa mtandao huu amtumie pesa mtu wa mtandao ule bila mzunguko mrefu. Sehemu ya kwanza ya jina ni "moja" letu hili la kuhesabia.

Jina likigombaniwa

Hapa ndipo utaona thamani ya jina, kwa sababu thamani ya kitu huonekana siku ya kugawana.

Hifadhidata ya MySQL ilianzishwa miaka ya 1990, na mmoja wa waanzilishi wake ni Michael Widenius wa Finland. "My" katika jina hilo ni binti yake. Mwaka 2008 kampuni iliyomiliki MySQL iliuzwa kwa Sun Microsystems kwa takriban dola bilioni 1. Muda si mrefu Oracle nayo ikaanza mipango ya kuinunua Sun. Widenius hakupendezwa. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, aliweza kuuchukua na kuendelea na kazi mahali pengine, tena kihalali. Kitu kimoja tu hakuweza kukichukua: jina. Lilikuwa limeuzwa pamoja na kampuni. Mtu alibaki na msimbo wake wote mkononi lakini hakuruhusiwa kuuita kwa jina la binti yake. Akafanya nini? Alikuwa na binti mwingine, mdogo, aitwaye Maria. Mradi mpya ukaitwa MariaDB, na hadi leo unatumika.

Mfano wa pili utakufurahisha zaidi. Kulikuwa na programu huria ya kutengenezea tovuti iliyoitwa Mambo. Jina lake, kama alama ya biashara, lilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya Australia. Mwaka 2005 waundaji walikosana na kampuni hiyo kuhusu nani atakuwa na usemi juu ya mradi. Mwezi Agosti karibu timu nzima iliondoka. Msimbo wakauchukua, maana ulikuwa huria. Jina wakaliacha nyuma. Walipotafuta jipya wakachagua neno la Kiswahili "jumla", kwa maana ya wote pamoja, wakaliandika kwa namna ambayo Mwingereza akilisoma atalitamka sawasawa: Joomla. Kutoka Mambo hadi Jumla! Mkenya asiyejua habari angedhani ugomvi huo ulitokea Gikomba.

Kilichofuata ni somo. Watumiaji wengi waliwafuata waundaji, na jina jipya likakua kuliko la zamani. Kwa hiyo jina halina nguvu lenyewe. Nguvu yake ni imani ya watu kwa wale walio nyuma yake. Imani ikihama, jina hubaki ganda.

Na si lazima kuwe na ugomvi. Kivinjari cha Firefox kilianza mwaka 2002 kwa jina Phoenix. Kampuni moja yenye jina hilo ikalalamika. Mwaka 2003 kikaitwa Firebird, kumbe kulikuwa na mradi mwingine huria wa hifadhidata wenye jina hilo hilo, nao wakateta. Februari 2004 likapatikana Firefox. Miaka michache baadaye, Debian walitaka kukisambaza wakiwa wamefanya mabadiliko yao. Mozilla, wenye Firefox, wakasema: msimbo tumieni, lakini kama mmeubadilisha bila sisi kuukagua, msiuite kwa jina letu. Debian wakakubali, kisha wakakiita Iceweasel. Badala ya moto, barafu. Badala ya mbweha, kicheche. Hali hiyo ilidumu kuanzia 2006 hadi 2016, walipoelewana na jina la Firefox likarudi.

Mtu anaweza kusema Mozilla walikuwa wakali bure. Sisi tunaona walikuwa wakimlinda mtumiaji. Jina la Firefox lilikuwa ahadi: kilicho ndani tumekikagua sisi. Ukiruhusu ahadi hiyo ibandikwe popote, haitakuwa ahadi tena.

Basi mradi hupataje jina leo?

Zamani ulitosha mzaha na folda. Siku hizi kuna kazi ya kufanya kwanza, na hata wewe mwenye biashara ndogo unaweza kuifuata:

- Tafuta kama jina lina mwenyewe. Wakfu wa Apache Software, kwa mfano, huitaka miradi mipya inayojiunga nao ifanye utafiti wa jina kabla ya kupitishwa.
- Angalia alama za biashara zilizosajiliwa. Kwa Kenya kazi hiyo iko chini ya KIPI, Taasisi ya Kenya ya Mali ya Viwanda. Kumbuka: kusajili jina la biashara hakukupi alama ya biashara. Ni vitu viwili tofauti.
- Litamke kwa sauti, kisha mwambie mtu mwingine aliandike bila kuliona. Akikosea herufi, matapeli nao wataipenda herufi hiyo hiyo.
- Uliza maana yake katika lugha nyingine. Mwaka 2023 shirika la Wamarekani asilia walio katika teknolojia, Natives in Tech, liliutaka hadharani Wakfu wa Apache Software ubadilishe jina lake, kwa kuwa ni jina la watu walio hai hadi leo.

Matapeli wanapoingia

Sasa turudi kwa mama wetu. Kama msimbo unaweza kunakiliwa na jina ndilo linalotofautisha, basi mwizi atashambulia wapi? Kwenye jina. Na wala si watu wa kawaida pekee wanaonaswa.

Mwaka 2017, katika ghala moja la mtandaoni ambako waundaji programu huchukua vipande vya msimbo, kulikuwa na kipande kinachotumika sana kiitwacho cross-env. Mtu akaweka kingine, crossenv. Tofauti ni kistari tu. Kile cha uongo kilifanya kazi yote ya kile cha kweli, kwa hivyo aliyekipakua hakushuku lolote. Kumbe chini kwa chini kilikuwa kikimtumia mwizi siri zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, nywila zikiwemo. Waliolengwa hapo walikuwa wataalamu, watu wanaoandika programu kila siku.

Mwaka 2023 wataalamu wa usalama waligundua tangazo la mtandaoni la KeePass, programu huria ya kutunza nywila. Ukilibonyeza ulipelekwa kwenye tovuti ambayo anwani yake ilionekana kuwa ya KeePass kabisa, ila herufi k ilikuwa na alama ndogo chini yake: ķ. Kwenye skrini ya simu ungedhani ni uchafu.

Kwa hivyo, mama, na wewe mteja wetu unayesoma, kudanganywa na jina si ujinga. Hila hii imewanasa hata wanaoijua.

Wewe ufanye nini?

Tunakuomba mambo manne tu.

Kwanza, usipakue programu ya pesa kupitia kiungo ulichotumiwa, hata kama aliyekutumia ni dada yako au mweka hazina wa chama. Huenda naye ametumiwa. Fungua duka rasmi la programu la simu yako, uitafute mwenyewe.

Pili, ukiipata, usiangalie nembo. Nembo hunakiliwa kwa sekunde moja. Soma jina la programu herufi kwa herufi, kisha soma jina la kampuni iliyoiweka pale, ambalo huandikwa chini yake.

Tatu, unapolipa kwa nambari ya till au kumtumia mtu pesa, jina la mpokeaji hutokea kabla ya kuthibitisha. Hapo ndipo mahali pa kusimama. Lisome lote. Ukiambiwa "usijali, hilo ni jina la bosi", uliza kwanza. PIN ukishaiweka, umekubali.

Nne, ukikosea, piga simu mara moja, usisubiri mpaka ufunge duka. Usione aibu. Dakika kumi zinaweza kuokoa kilichobaki.

Mama wa mitumba alirudishiwa sehemu ya pesa zake, ile ambayo ilikuwa haijatolewa kwa wakala. Iliyobaki haikupatikana, na hatuna jinsi ya kulipamba hilo. Lakini alituambia kwamba siku hizi, kiungo kikiingia kwenye kikundi cha chama, hakuna anayebonyeza mpaka yeye akisome kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine. Wanamcheka kidogo. Kisha wanangoja amalize.